Ajali na Kinga Yake

Fundi akipoteza jicho kwenye mashine ya kukereza mbao, neno la kwanza la majirani ni kwamba ajali haina kinga. Husemwa na wa msikitini na wa kanisani, na husemwa kwa nia njema: kumfariji aliyeumia, na kukiri kwamba hakuna awezaye kuizuia kudra ya Mwenyezi Mungu. Lakini ndani ya karakana neno kinga linashikika kwa mkono. Ni ngao ya uso iliyotundikwa ukutani, ni kifuniko cha mkanda, ni mkono wa shati uliokunjwa hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo swali linapozuka: je, anayejikinga sana amepunguza kumtegemea Mungu? Nashikilia kinyume chake. Anayeiandaa mashine kwa uangalifu yuko karibu zaidi na tawakali kuliko anayewasha swichi na kutosheka na bismillahi.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mjadala wa kudra ukiachwa uelee hewani kila mtu hushinda. Kukereza ni kushika mti kati ya ncha mbili, au kwenye taya za upande mmoja, kuuzungusha, na kuukata kwa patasi au bobari iliyolazwa juu ya kiegemeo cha chuma. Mguu wa kiti wenye kipenyo cha sentimita 5, ukizunguka mara 1,000 kwa dakika, uso wake huenda kama kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Bakuli la sentimita 30 kwa mizunguko hiyohiyo huenda zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Swichi haikuguswa, kilichozidi ni upana wa mti. Na mizunguko ikiongezwa mara tatu, nguvu inayotaka kuupasua mti na kuurusha huongezeka mara tisa. Ndiyo maana wakerezaji huzidisha kipenyo cha sentimita kwa mizunguko ya dakika, wakataka jibu lisipite 23,000 hivi: bakuli lile lisizidi mizunguko 750, na gogo ambalo bado halijawa duara lianze kwa mwendo wa chini kabisa. Kiegemeo nacho hukaa milimita chache tu kutoka kwenye mti, kwa kuwa pengo likipanuka mti huikandamiza ncha ya patasi na kuinasa. Kabla ya umeme, mti huzungushwa kwa mkono duru nzima ili kona yoyote inayogonga ijulikane. Ufunguo wa taya huondolewa. Kiegemeo hakisogezwi mti ukizunguka, na wakati wa kupiga msasa hutolewa kabisa, vidole visije vikabanwa. Jambo lililojulikana namna hii kabla halijatokea, kuliita siri ya Mungu ni kumsingizia.

Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikufa usiku akiwa peke yake karakanani, baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza chuma. Mamlaka ya usalama kazini ilitaja, pamoja na mambo mengine, kwamba mashine ile haikuwa na kinga. Chuo hakikukubaliana nayo. Tuache nani alikuwa na haki. Pande zote mbili zilibishana juu ya kinga, na kubishana huko ndiyo heshima anayostahili marehemu.

Dini zetu hazikuuacha mlango huu wazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ndiye aliyekana kwa nguvu kwamba moto huichoma pamba kwa uwezo wake wenyewe. Kwake yeye kila kitu hutendwa na Mungu. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kudharau tahadhari, ni yeye. Hata hivyo, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake cha Ihya, anamhesabu mwenye kukaa mbele ya chakula bila kunyoosha mkono, akingoja Mungu amshibishe, kuwa ni mjinga wa desturi ya Mungu, si mcha Mungu. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba azungushie dari yake ukuta, na mtu akianguka pasipo ukuta huo damu ni juu ya mwenye nyumba. Sheria hiyo haiulizi kama siku ya aliyeanguka ilikuwa imefika.

Mtu atajibu kwamba mti waweza kuwa na ufa ndani usioonekana kwa jicho, na fundi aliyefuata kila kanuni akaumia. Ni kweli, na hoja hii ndiyo yenye uzito. Lakini tazama fundi mzuri anasimama wapi anapowasha: kando, nje ya njia ambayo kipande kingerukia. Hasimami hapo kwa kujiamini. Anasimama hapo kwa kuwa anakiri kwamba hakujua kila kilichomo ndani ya mti ule. Kuandaa mashine kwa makini ni unyenyekevu wa mwili. Anayesimama mbele ya gogo linaloanza kuzunguka, uso wazi, ndiye anayejifanya ameijua ghaibu. Akiumia yule wa kando, hapo useme ni kudra, na neno litakuwa limekaa mahali pake: matangani na kando ya kitanda cha mgonjwa, si kwenye uchunguzi.

Wengine watasema fundi anayelipwa kwa kila mguu wa kiti hana muda wala fedha za haya yote. Kuzungusha mti kwa mkono hakumgharimu kitu. Ngao ya uso inagharimu, na Torati haikumdai mgeni aliyepanda darini ajenge ukuta. Ilimdai mwenye nyumba. Basi wewe mwenye karakana, nunua ngao kwa kila mashine, rudisha kifuniko cha mkanda mahali pake, na usimlipe fundi kwa namna inayomfanya aogope kusimamisha mota ili asogeze kiegemeo.