Baki ni la Nani?

Kuhamisha msimbo kutoka lugha moja ya kompyuta hadi nyingine ni kazi inayodharauliwa. Watu husema ni kunakili tu. Sisi tulioacha chuo tunaichukua hata hivyo, uwe Embu mjini au Makutano kule Meru, kwa sababu haikuulizi shahada. Lakini ndani yake kuna swali zito: unapohamisha, uaminifu wako ni kwa nani?

Chukua Python. Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na waliokuwa wakilitumia ikabidi wahamie toleo la 3. Katika toleo la 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3. Nusu inatupwa. Katika toleo la 3, alama ileile inakupa 3.5. Ipo programu iitwayo 2to3 inayokugeuzia mengi yenyewe, ila alama ya kugawanya inaiacha ilivyo. Huoni onyo lolote. Msimbo unakubali, unalipwa, unaenda zako.

Sasa tuseme msimbo huo ni wa kikundi cha wafugaji wa maziwa, Runyenjes au Nkubu. Kuna bonasi ya shilingi 100,000 ya kugawa kwa lita 30,400. Msimbo wa zamani unasema shilingi 3 kwa lita, basi. Zinabaki shilingi 8,800 zisizo na mwenyewe. Mama aliyeleta lita 212 anapata 636. Ukigawanya bila kutupa kitu, angepata 697. Bob 61 zimemezwa na alama moja.

Utafanya nini? Unaweza kusema, "Mimi ni fundi tu," ukahamisha mgawanyo wa zamani vilevile. Shida ni kwamba aliyeuandika kwanza huenda hakujua. Wewe unajua. Kwake lilikuwa kosa. Kwako ni uamuzi.

Basi rekebisha kimyakimya? Inasikika vizuri, lakini ngoja. Pengine hizo 8,800 ndizo humlipa mlinzi, na wanachama walikubaliana hivyo mkutanoni. Ukizigawa, umevunja makubaliano ya watu ambao hawajawahi kukuchagua, na mlinzi ndiye atakayelala njaa.

Mimi naona jibu liko kwenye baraza la chifu. Mzee anaongea Kimeru, mkalimani anampeleka kwa Kiswahili. Mkalimani mzuri harekebishi maneno ya mzee wala hayamezi. Akisikia jambo lisiloeleweka anasimama na kuuliza: "Mzee, ulimaanisha hivi?" Anauliza watu wote wakisikia.

Kwa hiyo mwandikie mteja: msimbo wa zamani unampa mama huyu 636, mpya unampa 697, wanachama wanataka upi? Omba wasomewe mkutanoni. Hiyo si kazi ya ziada. Ndiyo kazi yenyewe. Mengine hata 2to3 inaweza.

Na mteja akikujibu, "Wacha hivyo, usiwaambie"? Hapo ndipo penye gharama, maana kodi ya nyumba haingoji dhamiri. Lakini angalau sasa unajua unachoombwa kuficha, na unajua ni cha nani. Mimi singemkabidhi msimbo huo. Wewe je?