Kugeuza Shavu si Kunyamaza

Watoto wetu wanachekwa shuleni kwa ajili ya lugha yao na sare zilizochakaa. Wengine wananyang'anywa madaftari. Sisi wazazi tumezoea kuwaambia: geuza shavu, nyamaza. Je, Yesu alifundisha hivyo? Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yohana 18:23) hakurudisha, lakini aliuliza kwa nini anapigwa. Basi mtoto asipigane, ila aseme, nasi twende naye kwa mwalimu. Kweli tumechelewa, tuliogopa kuitwa wageni wakorofi. Lakini wazee wenyeji wa Koboko na Arua wanaujua ukimbizi. Amin alipoanguka mwaka 1979, wengi walikimbilia kwetu, Zaire. Jumapili hii, baada ya ibada, tuwaendee, tuwaombe waongee na wajukuu wao.