Je, Aliyelipa ni Mgeni?

Tuanze na neno. Mtu akinunua sukari dukani, twamwita mteja. Akipanda basi la kwenda Moshi, ni abiria. Lakini akilipa kitanda cha usiku mmoja, hata katika nyumba duni kabisa nyuma ya stendi, kibao cha mlangoni husema: Nyumba ya Kulala Wageni. Wenye biashara siku hizi wapenda kusema “wateja wetu”, walakini kibao hakikubadilika. Lugha imekataa. Imemwita mgeni mtu ambaye hakualikwa na yeyote, hajulikani na yeyote, na ambaye kesho asubuhi atadaiwa ufunguo kabla ya saa nne.

Swali langu ni hili: je, lugha imesema kweli, au imempamba mnunuzi kwa jina la heshima? Na kama ni mgeni kweli, je, akiisha kulipa amemaliza deni lake?

Msidhani ni swali la kupitisha wakati. Sisi wa Arusha twaishi kwa wageni wanaolipa. Wanashuka hapa wakielekea Serengeti na Ngorongoro, na katika kila nyumba ya tatu au ya nne ya usharika wetu yupo dereva, mpishi, mtandika vitanda, au kijana anayepanda Meru na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Watoto wetu wengi wameisoma dunia kwa kutazama jinsi mgeni anavyomwita mhudumu. Kwa hiyo tunalijua jambo hili kutoka upande wa mwenyeji. Mimi nilipata kulitazama kutoka upande wa pili, nilipokaa siku sita Pangani katika hoteli ndogo iliyo kando ya bahari.

Msiitazamie hoteli ya picha za kalenda. Vyumba vyake ni vichache, ukuta umeliwa na chumvi, chandarua kina kiraka, na feni huzunguka hadi umeme wa Luku unapokwisha, kisha hupumzika pamoja nawe. Asubuhi chai ya tangawizi na chapati, jioni wali wa nazi na samaki aliyeletwa saa hiyo hiyo. Ukikaa barazani waona mawimbi mbele yako, na ukigeuka kulia waona mdomo wa mto, kivuko kikienda na kurudi kuelekea Bweni. Mji wenyewe ni mkimya. Mwenye haraka hana la kufanya pale. Kwa mtu aliyesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini, ukimya ule peke yake ulitosha thamani ya nauli.

Siku ya tatu maji yakakatika. Binti mhudumu akawa anatupandishia ndoo ngazini, chumba kwa chumba. Bwana mmoja, mtu wa makamo aliyekuja kwa shughuli zake, akafungua mlango na kumfokea kwa neno moja tu alilolirudia mara tatu: “Nimelipa! Nimelipa! Nimelipa!” Binti akaweka ndoo chini, akasema, “Pole sana baba,” akaenda kuleta nyingine.

Hebu tulipime neno lile la yule bwana, maana si la kipuuzi. Amelipa kweli. Aliahidiwa chumba chenye maji, na maji hayapo. Ana haki ya kulalamika, na pengine ya kurudishiwa sehemu ya fedha yake. Tena fedha ina wema wake, ambao sisi watu wa kanisa hupenda kuudharau tukiwa tumeshiba. Anayelipa kitanda hapigi magoti kwa mtu. Mjane anayesafiri kwenda kesi Tanga, akiwa hana jamaa mjini, anaweka shilingi elfu kumi na tano mezani na kupewa ufunguo bila kuulizwa ukoo wake, dhehebu lake wala sababu za safari yake. Hata mwenye jamaa, si mara zote ni upendo kumwendea. Tunajua sote jinsi mambo yalivyo: jogoo aliyekuwa akisubiri Krismasi anachinjwa, watoto wanashushwa kitandani kulala chini, na mama wa nyumba anakopa mchele kwa jirani huku akitabasamu. Anayekwenda gesti wakati mwingine ndiye anayewahurumia ndugu zake.

Wahenga walilijua hilo, ndiyo maana walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika kijitabu chake juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamii yetu ya zamani ukarimu na kazi vilikwenda pamoja, na hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji aliyejificha ndani ya ugeni. Chuoni tuliijadili sana. Mtu aweza kusema basi kwamba fedha ndiyo jembe la mgeni wa leo: badala ya kulima shamba la mwenyeji, anatoa matunda ya kulima kwake kwingine. Hoja hiyo ni nzuri, nami naikubali nusu. Nusu ninayoikataa ni hii. Aliyeshika jembe amesimama shambani pamoja na mwenyeji. Anaona udongo wake, anajua kama mvua imekuja au imekataa. Jembe linalipa na linafahamisha. Fedha inalipa tu, nayo yaweza kulipwa na kipofu na kiziwi.

Sasa tuangalie kile ambacho kwa hakika yule bwana alikuwa amekinunua. Alinunua chumba, maji, chai. Lakini usiku ule alilala usingizi, amefumba macho, nyuma ya kitasa ambacho mtoto wa darasa la tano angekifungua kwa kijiko, kati ya watu asiowajua majina. Mfuko wake, simu yake na shingo yake vilikuwa mikononi mwao. Nao wenyeji walimlaza chini ya dari moja na watoto wao bila kumjua ni nani. Katika stakabadhi hakuna mstari unaotaja jambo hilo. Haliuziki. Mtu hawezi kununua kuaminiwa. Anaweza tu kuaminiwa, kisha akastahili au asistahili. Hapo ndipo naona lugha yetu ilikuwa na akili kuliko sisi. Muuza sukari hahitaji kumwamini mnunuzi akiisha kuihesabu fedha. Mwenye nyumba ya wageni humwamini baada ya kuihesabu, usiku kucha.

Na ile “pole” ya binti? Wapo watakaosema kwamba hiyo nayo ni sehemu ya mshahara wake, maana katika vyuo vya hoteli vijana hufundishwa kutabasamu. Ni kweli, na wengine hutabasamu kama mlango unavyofunguka. Lakini kulipwa kwa jambo hakuliui jambo. Nesi hulipwa, mwalimu hulipwa (kwa kuchelewa), padre hulipwa, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo mgonjwa hakuhurumiwa wala mtoto hakufundishwa. Nadhani tunakosea tukiweka upendo upande mmoja na mshahara upande wa pili, kana kwamba kimoja kikiingia mlangoni kingine hutoka dirishani.

Tazameni habari tunayoijua sana, iliyo katika Luka, sura ya kumi. Huhubiriwa kila mwaka, nasi hukumbuka kuhani, Mlawi na Msamaria. Kuna mtu wa nne ambaye sijasikia akihubiriwa: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimlaza yule majeruhi pale usiku mmoja, asubuhi akatoa dinari mbili, akaagiza atunzwe, na kuahidi kwamba kama gharama itazidi atalipa atakaporudi. Kisha akaenda zake. Nani basi alibadilisha vitambaa siku ya pili na ya tatu? Nani aliamka usiku majeruhi alipoomba maji? Mtu aliyelipwa. Tena alilipwa nusu, na nusu nyingine alipewa ahadi na mgeni ambaye si wa kabila lake, ambaye huenda asingerudi. Huruma ya Msamaria ingeishia asubuhi kama mtu huyu wa biashara asingekubali kuibeba. Na huyo Msamaria naye, angalieni, hakusema “nimelipa”. Aliacha hesabu wazi.

Huko Pangani neno “nimelipa” lina historia yake. Mwezi Aprili 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata kwa Sultani Khalifa wa Zanzibar mkataba wa kutawala mwambao na kukusanya ushuru wake kwa miaka hamsini, kwa malipo. Mwezi Agosti wakala wake, Emil von Zelewski, akafika Pangani kupandisha bendera ya kampuni. Alikuwa na karatasi, na fedha ilikuwa imekubaliwa, ila wenye mji hawakuulizwa. Wakaondoka kwa hasira, wakamfuata Abushiri bin Salim, na vita vikaenea pwani. Abushiri alinyongwa pale pale Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni nne, na pwani ikahesabiwa kuwa imenunuliwa. Sitaki kumlinganisha yule bwana wa ndoo na von Zelewski. Ingekuwa ni kumwonea. Nasema tu kwamba mtu aweza kulipa kikamilifu, na bado akawa amemlipa asiyestahili.

Nchi yetu ilipata kuogopa jambo hili waziwazi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1970 ukazuka katika gazeti la Dar es Salaam mjadala mkali, ulioanzishwa na vijana wa Chuo Kikuu, kama utalii unafaa katika nchi ya kijamaa au utatufanya taifa la watumishi wa wenye fedha. Mjadala ulikusanywa ukawa kitabu, kilichohaririwa na Issa Shivji na kutolewa mwaka 1973. Tangu wakati huo hoteli zimeongezeka, na vijana wale, walio hai, ni wazee kuliko mimi. Walikuwa na sababu ya kuuliza. Ila nadhani kosa haliko katika kumtandikia mtu kitanda. Bibi zetu waliwatandikia wageni vitanda maisha yao yote na hakuna aliyewaona watumwa. Kosa ni pale mtu anapoamini kwamba fedha yake imefunga hesabu, kwa hiyo hahitaji kumwona aliyembebea maji.

Hapo ndipo nilipotaka kukomea. Lakini siku ya tano nilikutana na mzee mmoja mwenye shamba la minazi juu kidogo ya mto. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Arusha, upande wa Usa River. Akacheka, akasema, “Kumbe ndio nyie mnaoyazuia maji yetu.”

Nilidhani anatania, na kwa sehemu alitania, kama watu wa pwani wajuavyo. Lakini mwalimu wa jiografia hawezi kujificha. Themi inayokatiza mji wetu, Usa, na vijito vingine vishukavyo Meru huingia Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu ya Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na yatokayo bwawani ni Mto Pangani, unaopita Korogwe na Hale hadi kuingia bahari ya Hindi, mbele ya baraza niliyokuwa nikinywea chai. Tunayavuta maji hayo kwa mifereji, kwa visima, kwa mashamba ya mboga na maua, kwa mabwawa ya umeme, kwa mji unaokua. Mto ukifika chini umepungua nguvu, basi bahari hupanda. Wataalamu waliolichunguza bonde hili wameliandika jambo hilo. Mzee yule alinionyesha tu. Wakati wa kiangazi maji ya chumvi huingia mtoni mbali zaidi kuliko zamani za baba yake. Aliniongoza hadi kwenye minazi yake ya kando ya mto, ikiwa na vichwa vidogo, na kwenye kisima ambacho mkewe sasa hukitumia kufulia tu.

Kisha akapanda, akaniangushia dafu, akalikata, akakataa fedha.

Nililinywa. Sitawaambia kwamba lilikuwa chungu, lilikuwa tamu. Lakini hapo swali langu likageuka. Hotelini nilikuwa nimelipa kila senti kabla ya kuombwa, na nilimshukuru kila mtu kwa jina lake. Kwa kipimo chochote nilichokieleza hapo juu nilikuwa mgeni mwema. Wakati huo huo migomba yangu iliyo nyumbani ilikuwa ikinywa zamu yake kutoka mferejini. Na deni hilo la mzee yule halina kaunta ya kulilipia. Hata ningemwachia noti mfukoni, nisingekuwa nimemrudishia kisima.

Niliporudi nililitaja jambo hili katika kikao cha wenye mfereji. Nilieleza jiografia kwa kuchora chini kwa fimbo, kama zamani. Niliomba tufikirie usiku mmoja kwa juma, wakati wa kiangazi, wa kufunga lango na kuyaacha maji yaende. Walinisikiliza kwa heshima, maana nusu yao niliwafundisha. Mmoja wao, mkulima hodari wa nyanya na mtu wa kanisa, akasimama akasema, “Mwalimu, maji haya tuna kibali cha Bodi ya Bonde, na ada tumelipa.”

Ni kweli, tumelipa. Mwenyekiti alisema hoja ile iletwe tena kikao kijacho, baada ya mavuno ya mahindi. Wenye mashamba juu ya mfereji wanaosoma gazeti hili, nawaomba waje.