Ndimi Tatu Ndani ya Mtoto Mmoja

Asubuhi ya kliniki pale Nyakahanga, wilayani Karagwe, wajawazito hukaa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa. Wao kwa wao huongea Kinyambo: bei ya kahawa, mvua iliyochelewa, mtoto wa fulani aliyeota jino. Muuguzi akija kuwapa somo la chandarua na vidonge vya kuongeza damu, anasema Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiswahili. Ndani ya kila tumbo yumo msikilizaji mmoja zaidi. Sikio la mtoto huanza kazi miezi kadhaa kabla hajazaliwa, na sauti ya mama humfikia kupitia mifupa na maji; maneno yamefifia, lakini mapigo ya lugha na kupanda na kushuka kwa sauti anavipata. Mtoto huyo atazaliwa akiwa ameshaonja lugha mbili, na hakuna mwanadamu aliyempangia somo hilo.

Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwachunguza watoto wachanga ambao mama zao waliongea Kiingereza na Kitagalogi cha Ufilipino wakati wa mimba. Kichanga hawezi kuulizwa swali, kwa hiyo alipewa chuchu ya mpira anyonye huku akisikilizishwa sauti. Akivutiwa, hunyonya kwa nguvu. Waliozaliwa na mama wa Kiingereza tupu walivutiwa zaidi na Kiingereza. Wale wa mama wa lugha mbili walizipenda zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Hawana siku nyingi duniani, hawajui neno hata moja, lakini wanajua kwamba hizi ni mbili na zote ni za mama. Nikiwaza hayo nashindwa kuyaita kwa jina jingine isipokuwa kazi ya Muumba.

Kinyambo, lugha ile ya mabenchini, ni ya Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kimo katika kundi ambalo wanaisimu huliita Rutara, pamoja na Kihaya, Kizinza, Kikerewe, na ng'ambo ya mpaka Kinyankore, Kikiga, Kinyoro na Kitooro. Ni lugha ya toni, ambako kupanda kwa sauti ni sehemu ya neno. Kiswahili hakina toni. Katika wakati uliopita, Kinyambo hakiridhiki na mmoja. Lililotokea leo lina umbo lake, la jana lina lake, la zamani lina lake, na hilo la zamani hubeba kiambishi -ka-. Kiswahili nacho kina -ka-, ila chetu ni cha kuunganisha matukio: akaingia, akaketi, akanywa. Mtoto wa miaka minne anayekimbia kati ya migomba ya bibi yake na duka la Mpemba au Msukuma pale Kayanga anavitumia vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake, na hajawahi kufundishwa kanuni hata moja. Mtu mzima aliyetoka mbali akijaribu kujifunza hayo atatokwa jasho.

Wala kuishi na lugha mbili si jambo la juzi. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika Karagwe Novemba 1861, mfalme Rumanyika aliwapokea na kuwasalimu kwa Kiswahili fasaha. Speke mwenyewe aliandika hivyo. Pwani iko mbali sana kutoka pale, lakini wafanyabiashara wa pwani na wa Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, na mfalme hakuona kwamba kujifunza lugha yao kungempunguzia Unyambo wake. Miaka 24 kabla ya Wajerumani kutangaza koloni lao, Kiswahili kilikuwa kimekaribishwa kwa hiari katika nyumba ya enzi. Napenda wanafunzi wa Karagwe walijue hilo.

Kichwani mwa mwenye lugha mbili hali ni hivi: anapoongea moja, nyingine hailali. Zote ziko macho, na ubongo hufanya kazi ya kuchagua na kuzuia kila sentensi, mchana kutwa, bila mwenyewe kujua. Zamani wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini mzigo huo humchelewesha mtoto. Utafiti wa Elizabeth Peal na Wallace Lambert huko Montreal mwaka 1962 uliwakuta watoto wa miaka 10 wenye lugha mbili wakifanya vizuri kuliko wenzao wa lugha moja. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake wa Hyderabad, India, walichapisha habari za wagonjwa 648 wa maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Waliokuwa na lugha zaidi ya moja walianza kuugua kiasi cha miaka minne na nusu baadaye, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Wapo wataalamu wanaobisha, kwa kuwa tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo, na ubishi wao ni wa haki. Lakini jambo la wasiosoma linanigusa sana. Bibi wa Nyakahanga ambaye hakuwahi kushika chaki, aliyeuza ndizi kwa Kiswahili na kulea kwa Kinyambo, ana akili iliyofanya mazoezi maisha yake yote.

Wodini utamwona bibi wa namna hiyo ambaye Kiswahili chake kimeanza kumtoka kwa ugonjwa. Daktari ametoka mkoa mwingine. Mjukuu wa miaka 10 anasimama kati yao: daktari anauliza maumivu yalianza lini, mjukuu anageuka, bibi anajibu kwa lile umbo la jana, mjukuu anasema, "Anasema jana, siyo leo." Dawa inaandikwa kwa kufuata jibu hilo.

Halafu ukienda mpakani Murongo, unavuka mto Kagera kwenda Kikagati upande wa Uganda. Mnyambo na Mnyankore wanapatana bei kila mmoja kwa lugha yake na wanaelewana. Akitokea mgeni, Kiswahili kinaingia. Surat Ar-Rum ya Qur'ani inazitaja tofauti za ndimi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na siku ya Pentekoste, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, Roho hakuwapa watu lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake.

Shuleni ndiko ninakohuzunika. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi, na kimetufanya taifa. Sikinyimi shukrani hiyo. Ila katika shule nyingi za Afrika Mashariki mtoto ameadhibiwa kwa kutamka lugha ya nyumbani, akavishwa kibao shingoni kama mwizi. Akifika kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985, lakini haikufanyika. Watafiti wa LOITASA, mradi wa kuchunguza lugha ya kufundishia, akina Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, walionyesha jinsi darasa lililokuwa kimya kwa Kiingereza linavyochangamka na kuhoji likifundishwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyetumia viambishi viwili vya -ka- bila kukosea anaambiwa ni mzito. Uwezo anao tele. Anachonyimwa ni muda wa kuikomaza lugha mpya juu ya zile anazozijua, na ruhusa ya kuzitumia hizo kuielewa.

Kinyambo kimeshaandikwa: Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wake kwa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi yake mwaka 2005, chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania. Vitabu hivyo vinafaa viwe mezani kwa walimu wa Karagwe na Kyerwa. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye busara, akiona watoto wametoa macho kwenye hesabu ya kutoa, hulieleza jambo kwa Kinyambo, halafu hulirudia kwa Kiswahili, kisha huwataka walirudie wao. Mikono inaanza kunyooka kutoka madawati ya nyuma.