Chombo Kilichopakwa Fedha na Unyamavu wa Mwenye Kukiuza

Limeletwa katika darasa letu suala ambalo kwa nje laonekana dogo. Mtu auza vyombo vya mezani vilivyokwisha tumika: mabuli, masinia, vijiko na nyuma, vyote vyenye rangi ya fedha na vyenye alama zilizopigwa chini yake. Yeye ajua maana ya alama hizo, na mnunuzi hajui. Muuzaji hatamki neno la uwongo. Hasemi kuwa ni fedha, wala hasemi kuwa si fedha. Akipindua chombo, humwonyesha mnunuzi alama, kisha hunyamaza. Mnunuzi alipa bei ya fedha, akenda zake. Je, pesa zile ni halali kwa aliyezipokea?

Wako waliojibu pale pale kuwa ni halali, kwa hoja kwamba alama ipo, imepigwa wazi, na asiyejua kusoma na aulize. Sisi hatuafikiani nao. Lakini hoja yao haistahili kutupwa kabla ya kutazamwa alama zenyewe, kwani hukumu ya jambo hili imo ndani yake.

Tuanze na fedha halisi ya Kiingereza. Mwaka 1300, katika zama za mfalme Edward wa Kwanza, sheria ya Uingereza iliamuru kuwa chombo cha fedha kisitoke mkononi mwa sonara mpaka kipimwe na kupigwa alama ya kichwa cha chui. Mwaka 1544 ikaingia sura ya simba anayetembea, na simba huyo ndiye ajulishaye kuwa katika kila sehemu 1000 za chombo, sehemu 925 ni fedha safi. Kisha kuna alama ya mji kilipopimwa: London ni kichwa cha chui, Birmingham ni nanga, na Sheffield ilikuwa taji tangu 1773 mpaka lilipobadilishwa kuwa waridi mwaka 1975. Pamoja na hizo huwapo herufi ya mwaka na herufi za jina la fundi. Mwenye kuzijua alama hizi aweza kutaja mji na mwaka wa kijiko bila ya kumuuliza mtu.

Waingereza hao hao ndio wenye kanuni kongwe kuwa mnunuzi na ajiangalie mwenyewe. Lakini katika fedha hawakuitegemea kanuni yao, kwa kuwa walijua ya kwamba jicho la mnunuzi halipenyi ndani ya madini. Ni hekima ile ile iliyofanya muhtasibu wa miji ya Kiislamu atembee masokoni akiwakagua masonara na mizani zao.

Ama vyombo vya kupakwa, huo ni mlango mwingine. Kiasi cha mwaka 1743, huko Sheffield, Thomas Boulsover aligundua kuwa bamba la fedha na bamba la shaba nyekundu yakipashwa moto pamoja hushikamana, na yakibanwa huenea kama kitu kimoja. Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham wakapata hati ya serikali kwa njia ya umeme: chombo cha madini duni hutumbukizwa katika maji yaliyoyeyushwa chumvi za fedha, umeme ukapitishwa, na fedha ikaganda juu yake utando mwembamba. Ufundi huu wenyewe hauna hila, na asiyeweza kununua buli la fedha alipata buli la kupendeza kwa bei yake. Hila iliingia mahali pa kupiga alama.

Tazama herufi nne zinazoonekana mno: EPNS. Mbili za mwanzo zasema kuwa chombo kimepakwa kwa umeme, na mbili za mwisho zataja madini ya ndani, ambayo Waingereza waliyaita fedha ya nikeli. Na hiyo "fedha ya nikeli" haina hata chembe moja ya fedha. Ni shaba, zinki na nikeli. EPBM ni vivyo hivyo, na ndani yake ni bati lililochanganywa na antimoni na shaba kidogo. Basi maneno yenyewe ni ya kweli kwa ayajuaye. Lakini mafundi wengi hawakuyaandika kama maneno. Waliweka kila herufi ndani ya ngao yake ndogo, kwa mwandiko wa kale, zikapangwa safu moja, pengine kando yake taji au mnyama, mpaka kwa jicho lisilozoea safu ile yafanana na safu ya simba na nanga. Serikali yao iliiona hila hii mapema, kwani sheria ya 1773 ilikataza vyombo vya kupakwa kupigwa alama za kuiga zile za fedha. Hata hivyo mwigo ulirudi kwa sura nyingine, na ungalipo chini ya maelfu ya vyombo vinavyouzwa mpaka leo.

Nchi nyingine nazo zina mitego yake. Kijiko cha Kimarekani chenye jina la Rogers na tarakimu 1847 hakikufanywa mwaka huo; tarakimu hizo ni sehemu ya jina la biashara, nazo zilipigwa kwa miaka mingi baada yake. Kijiko cha Kijerumani chenye 90 mtu hukidhania kuwa ni fedha ya sehemu 900, kumbe maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kupaka vijiko vikubwa 12 na nyuma 12, yaani gramu 3.75 kwa kila kimoja. Wafaransa ndio walio waadilifu zaidi katika hili kwa maoni yetu: alama ya fundi wa fedha huwa ndani ya mraba uliosimama kwa ncha, na ya fundi wa kupaka huwa ndani ya mraba uliokaa kwa upande wake. Lakini nayo yataka mtu aliyefundishwa.

Asiyejua alama yoyote na atazame mahali panaposuguliwa: mgongo wa kijiko pale kinapokaa mezani, ncha za uma, kingo za sinia. Fedha halisi ikichakaa, chini yake ni fedha. Iliyopakwa ikichakaa, hutokeza wekundu wa shaba au rangi ya manjano iliyofifia. Sumaku haisaidii sana, kwa sababu shaba na fedha ya nikeli hazivutwi nayo kama isivyovutwa fedha yenyewe.

Sasa turejee kwa muuzaji wetu. Hoja yake ya nguvu hakuitaja yeye, na sisi twamtajia. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa mtu akinunua kipande cha kioo huku akikidhania ni johari, hana hiyari ya kukirudisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyepuuza kuuliza. Je, buli hili si kioo kile?

Twasema: maneno hayo ni ya mbele ya kadhi, yahusu nani ana haki ya kurudisha mali. Hayamwondolei dhambi muuzaji aliyejua, kwani mafakihi hao hao wamewajibisha kwamba mwenye kuijua ila ya bidhaa yake aieleze. Fauka ya hayo, wametofautisha baina ya dhana iliyotoka kichwani mwa mnunuzi na dhana iliyopandwa na muuzaji. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kumfunga mbuzi au ngamia asikamwe siku kadhaa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa mnunuzi hiyari ya kumrudisha. Mwenye mbuzi hakusema uwongo hata mmoja; kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Na mtu anayepindua buli na kuweka kidole juu ya ngao nne, kisha akanyamaza, hakunyamaza kwa hakika. Amezisemesha ngao.

Atajibu: "Si mimi niliyezipiga, aliyezipiga alikufa Sheffield kabla ya kuzaliwa babu yangu." Jawabu yake imo katika kisa cha lundo la chakula sokoni Madina. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani yake akakuta umajimaji, na mwenye lundo akasema ni mvua iliyonyesha. Mvua haikuwa kazi yake. Hata hivyo aliulizwa kwa nini hakuuweka ule umajimaji juu watu wakauona, na hapo ndipo lilipotoka onyo juu ya mwenye ghishi. Kuweka juu ni kumfanya mnunuzi ajue. Kumwonyesha herufi mtu usiyemwambia maana yake ni kuuacha umajimaji palepale ulipo. Basi sisi twaona kuwa tofauti ya bei baina ya fedha na iliyopakwa si halali kwa muuzaji huyu, na yampasa airudishe akimjua mnunuzi wake.

Na kinyume chake? Mjane auza kijiko cha babu yake kwa bei ya bati, na mnunuzi amekwisha mwona simba. Hapa watu wengi wema hulegea, wakaita bahati. Sisi hatuoni tofauti kubwa. Imekatazwa kuwaendea njiani wenye misafara na kununua mali yao kabla hawajafika mjini wakajua bei, na aliyenunuliwa hivyo ana hiyari afikapo sokoni. Mjane yule hajafika sokoni, japo nyumba yake yatazamana nalo.

Yabaki suala la kuvitumia, na hapa mambo yageuka kwa namna ya ajabu kidogo. Kula na kunywa katika vyombo vya fedha ni haramu kwa wanaume na wanawake sawasawa, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu yakataza hata kuviweka nyumbani. Kilichopakwa chaangaliwa: kikitiwa motoni kisitoe fedha ya kukusanyika, kukitumia chafaa, kikitoa, hakifai. Kwa hiyo Mwislamu anayekitaka chombo kwa chai yake apaswa kuomba kisiwe na simba, na kama ni cha kupakwa, utando wake uwe hafifu. Mwenye kukuta simba na nanga chini ya buli lake na alichukue kwa sonara, alipimishe, aliuze kwa uzani wake, na chai aitie katika buli la udongo.