Eti Karatasi Tu

Ukitaka kuidharau zawadi ya mtu siku hizi huna haja ya matusi. Sema tu, "Aa, kumbe ni karatasi tu." Kauli hiyo haikosekani msimu wa sherehe. Mtoto aliyekata nyota za manila kupamba sebule anaambiwa amejitahidi, halafu wakubwa wanamtuma mtu dukani akalete mapambo "yenyewe". Bibi harusi anayetaka maua ya karatasi mezani anaulizwa kama kamati imeishiwa. Kinachonikera humo ni lile neno la mwisho, "tu". Maana huyo huyo anayelitamka ana cheti cha ndoa alichokitia plastiki kisichakae, ana hati ya kiwanja aliyoifungia kabatini kwa kufuli, ana cheti cha chuo kwenye fremu ukutani, na kwenye pochi ana noti anazozihesabu mara mbili kabla ya kuzitoa. Zote hizo ni karatasi, na hajawahi hata siku moja kusema hati ya kiwanja ni karatasi tu. Anajua vizuri kwamba karatasi yenyewe haina bei ya maana, na kwamba thamani yake inatokana na kilichowekwa juu yake: sahihi, muhuri, ahadi ya Benki Kuu. Basi juu ya karatasi ya zawadi kinawekwa nini, mpaka tuione haina kitu?

Kinawekwa muda. Anayenunua pambo dukani analipia kazi iliyofanywa na mtu asiyemjua, kwa ajili ya yeyote atakayefika na pesa. Anayekaa na mkasi anatoa saa yake moja, asiyoweza kurudishiwa, huku akili yake iko kwa mtu mmoja. Watu wa Pwani hawahitaji kuhubiriwa jambo hili kwa kuwa wana kanga. Doti mbili za pamba ileile na bei ileile, zikitofautiana jina tu, ni zawadi mbili zisizofanana hata kidogo: moja mama mkwe ataivaa kwa furaha, nyingine italeta kesi. Aliyesimama nusu saa dukani akisoma jina baada ya jina ametoa kitu ambacho hakimo kwenye risiti, na anayepokea anakiona mara tu anapoikunjua. Zawadi ya karatasi ni ndugu wa karibu wa kanga. Malighafi ni rahisi, uzito wote umo kwenye kuchagua na kutengeneza.

Ushahidi mzito kuliko huo uko Japani. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Miaka kumi baadaye alilazwa hospitalini kwa saratani ya damu, na humo wodini akawa anakunja korongo wa karatasi, kwa imani ya kwao kwamba anayekunja korongo 1,000 hujaliwa ombi lake. Karatasi zilikuwa za kuokoteza: alitumia hata vile vikaratasi vilivyofungiwa dawa. Alifariki Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Mwaka 1958 ukazinduliwa mnara wa watoto katika bustani ya amani ya mji ule, na mpaka leo watu wa nchi nyingi hupeleka huko korongo wa karatasi, takriban tani 10 kwa mwaka. Sidhani kama yupo anayesimama mbele ya mnara ule akasema ni karatasi tu. Nimeleta msiba katikati ya maneno ya sherehe kwa makusudi. Kitu kinachoweza kubeba uzito wa namna ile hakiwezi kushindwa na bethidei ya mtoto wa miaka saba.

Wala kazi yenyewe haihitaji fundi. Tuchukue lile pambo la duara lenye mikunjo, linalotundikwa nyuma ya meza ya keki. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa 21. Unaanzia upande mfupi, unakunja mbele, unakunja nyuma, kila mkunjo upana wa kidole, mpaka ibaki kama fito moja ya sentimita 21. Unafunga uzi katikati kabisa, unatandaza ncha zote mbili, unagundisha kingo zinapokutana. Wengi hukata tamaa hapo kwa sababu duara halifungi. Linabaki na pengo kama keki iliyokwisha kukatwa kipande. Wanailaumu mikono yao, kumbe kosa ni la hesabu. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10.5 lina mzingo wa karibu sentimita 66, na kingo mbili ndefu za karatasi ile, hata ukizinyoosha kabisa, zinafika 59.4 tu. Unganisha karatasi mbili kwa gundi kabla ya kuanza kukunja, na duara litafunga lenyewe, tena na mikunjo iliyosimama vizuri. Karatasi moja ya kawaida, ile ya kuchapia barua, ina uzito wa gramu 5. Pambo zima basi ni gramu 10, gundi kiasi na uzi wa kushonea, na gharama yake haifiki hata bei ya soda. Bahasha ndiyo rahisi zaidi. Kalenda za ukutani ambazo kampuni na parokia hugawa bure kila Desemba zimechapwa kwenye karatasi nzito ambayo ukiinunua dukani utailipia. Kata mraba wa sentimita 21, laza picha chini, uelekeze pembe moja kwako. Kunja pembe tatu zipandane kidogo katikati, gundisha, na ya nne ibaki kuwa mfuniko. Umepata bahasha yenye twiga mgongoni.

Hapo najua mtu atasema: sawa, lakini vitu hivi vinaonekana vya chekechea. Mara nyingi anasema kweli. Rangi saba kwa mpigo, gundi imevuja pembeni, kingo zimetafunwa na mkasi butu. Lakini hilo ni kosa la kazi mbovu, na kazi mbovu huharibu hata hariri. Chagua rangi mbili, moja ikiwa kaki ni bora zaidi. Pitisha mgongo wa kijiko juu ya kila mkunjo. Kata kwa wembe ukifuata rula ya chuma. Na tukumbuke kwamba hata hiyo karatasi ya zawadi ya dukani tunayoiona ndiyo yenye heshima ilianzia kwenye kubahatisha. Mwaka 1917, kuelekea Krismasi, duka la ndugu wa familia ya Hall mjini Kansas City, Marekani, liliishiwa karatasi laini za kufungia zawadi. Wakatoa karatasi za nakshi kutoka Ufaransa zilizokusudiwa kuwa bitana ya ndani ya bahasha, wakaziuza senti 10 kila moja, zikaisha. Kampuni yao ndiyo leo inaitwa Hallmark. Kwa hiyo anayefunga zawadi kwa karatasi iliyokusudiwa kitu kingine hajashusha hadhi ya mtu. Anafanya kile kile kilichoianzisha biashara yote hii.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la muda. Mama anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku, ukimwambia akae akunje maduara 40 unamkejeli. Nakubali. Ila tangu lini sherehe zetu zikafanywa na mtu mmoja? Kamati ya harusi hukutana Jumapili baada ya Jumapili, watu ishirini kwenye viti vya plastiki, wakisomewa orodha ya waliotoa ahadi na waliotimiza. Mikono yao muda wote huo inafanya nini? Inachezea simu. Bibi zetu walisuka ukili huku wakisemezana, na mkeka ukatoka kwenye mazungumzo bila mtu kutenga siku ya kusuka. Kila mjumbe akikunja maduara mawili wakati mweka hazina anasoma majina, kikao kimoja kinatoa 40.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo hasa, nyuma ya haya ya gundi na mkasi. Neno mchango limepungua maana. Zamani mchango ulikuwa kuni, ulikuwa maji, ulikuwa kuamka saa kumi kupika pilau, ulikuwa sauti ya kuimba. Sasa mchango ni tarakimu kwenye kadi: mtu mmoja kiasi hiki, wawili kiasi kile, na ukishindwa kadi huingii. Shangazi asiye na kipato, kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, jirani mjane, hawa wote wana mikono mizuri kabisa na hakuna aliyewauliza. Mapambo ya kununua hayamwachii mtu wa namna hiyo nafasi yoyote isipokuwa kukaa nyumbani au kukopa. Karatasi inamwachia. Anaweza kuingia ukumbini akiwa ametoa maua sitini ya meza, yaliyotoka mikononi mwake, akaketi bila kujikunyata. Anayeniambia mapambo ya karatasi ni ya watu maskini anadhani ananipinga, na kumbe ananiunga mkono: ndiyo, maskini naye anaweza kuyatoa, na sherehe ya ukoo inayomtaka mwenye nacho peke yake ina kasoro kubwa kuliko pambo lililopinda.

Kuhusu riziki ya wapambaji sitasema mengi. Mpambaji hodari atapata kazi kwa karatasi kama anavyopata kwa vitambaa, kwa sababu anachouza ni jicho lake. Mfano uko jirani. Kampala, katika mtaa wa Acholi Quarter ulioko Banda, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda waliishi kwa kuponda kokoto, na wakajipatia pia kipato kwa shanga za karatasi. Kurasa za magazeti ya rangi hukatwa vipande virefu vya pembetatu, vikaviringishwa kwenye kijiti kuanzia upande mpana, ncha ikagundishwa, kisha zikapakwa vanishi. Shanga hizo zimeuzwa mpaka Ulaya na Marekani, kwenye shingo za watu ambao hawakusema ni karatasi tu.

Kuna na anayekuja na miti: karatasi si inakatiwa misitu? Inakatiwa, na ndiyo maana nimesema kalenda, magazeti na bahasha zilizokwisha kutumika kwanza. Lakini muulize huyo mtetezi wa miti ukumbi wake ulipambwa kwa nini mara ya mwisho. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Kenya ilitangulia Agosti 2017, na Zanzibar kabla ya wote wawili. Mwenye genge la nyanya amezoea. Ila mlango wa pili tu, ukumbini, tunaning'iniza mapazia ya plastiki ya kumetameta, maua ya plastiki, na zawadi zilizofungwa kwa kile tunachokiita karatasi na si karatasi. Ipime: ifumbate kwenye ngumi, halafu achia. Ikibaki imejikunja, ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ina plastiki ndani. Umoja wa Ulaya umekwishaanza tangu Oktoba 2023 kuzuia uuzaji wa ule unga wa plastiki unaometameta unaomwagwa kwenye kadi na keki za sherehe. Kwetu bado unauzwa vichupa kwa vichupa. Kaki, kwa upande mwingine, ni bidhaa ya nyumbani: kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza karatasi ya aina hiyo kwa mipaina ya Sao Hill, miti iliyopandwa ili ivunwe. Ikiloa inalainika, ikizikwa inaoza, ikiwashwa inaanzisha moto wa jikoni.

Nimebakiwa na yule asemaye, niondoleeni habari za kukunja, mnirushie kwenye simu. Sina ugomvi naye. Fedha ni zawadi, na kwa mwenye ada ya mtoto shingoni ndiyo zawadi kuliko zote. Lakini tazama mkono wa Idi. Mtoto anayezunguka kwa wajomba na mashangazi asubuhi ya sikukuu hana simu ya kupokelea, na hata angekuwa nayo, ujumbe wa muamala hauwekwi chini ya mto. Noti iliyokunjwa ndani ya bahasha ndogo yenye jina lake, jina lililoandikwa kwa mkono na si la ndugu yake, inawekwa. Anaweza kuitumia noti kwenye bembea kabla ya adhuhuri na bado akawa na bahasha mwezi mzima.

Kwa hiyo mwenye kamati wiki hii awaambie wajumbe waje na mkasi, na mweka hazina anunue gundi kabla ya maji ya kunywa. Na wewe, kama kalenda ya mwaka jana bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba, ishushe usiitupe. Ina kurasa za kutosha watoto wote wa ukoo.