Mti Haumwombi Mtoto Picha

Kuna desturi hapa Nairobi: mtu akitimiza miaka 25, au chama kikifunga mwaka, watu wanachanga, wananunua unga, mafuta na sodo, halafu wanaenda kutembelea makao ya watoto. Watoto wanaimba, wageni wanapiga picha, jioni picha ziko Instagram. Sisemi wageni ni wabaya. Ule unga unaliwa. Ninachouliza ni nani ameulipia. Naona mtoto naye amelipa: kwa wimbo, kwa uso wake, na mara nyingine kwa kusimulia tena vile mamake alikufa.

Ndiyo maana wazo la Kijiji cha Nyumbani, kule Kitui, linanivutia. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari kutoka Marekani, alianzisha makao ya watoto wenye virusi vya UKIMWI Nairobi mwaka 1992. Baadaye likaja wazo la kijiji, kwa sababu UKIMWI ulikata kizazi cha katikati: wakabaki wazee wasio na wa kuwatunza, na watoto wasio na wa kuwalea. Kwenye ekari 1000 za nchi kame, nyumba moja ikapewa nyanya au babu na watoto kama 10. Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya, anapika, anagombeza, anaamua nani alale wapi. Shambani ikapandwa miti ya mukau, inayovumilia ukame na kutoa mbao nzuri baada ya miaka 10 hadi 15, ili siku moja mbao zilishe kijiji.

Mti haumwombi mtoto picha. Haujui hata nani ni yatima.

Tukisikia "kujitegemea" tunamwangalia mtoto haraka: afunzwe kushona, afunzwe kulima, asiwe mzigo. Lakini mtoto wa Kileleshwa haambiwi ajitegemee akiwa na miaka tisa. Anakula, anaacha sahani mezani, anaenda kucheza. Kijiji ndicho kijitegemee, ili mtoto apate kutegemea bila kushukuru kila kijiko.

Mtu ataniuliza: kwani hawa watoto hawana shangazi na wajomba? Swali la haki. Mkakati wa serikali wa 2022 unataka, ndani ya miaka 10, watoto watoke kwenye makao na kulelewa katika familia na jamii. Nakubali. Tena kujitegemea kuna hatari yake: mwenye chakula chake haulizwi maswali. Mfadhili angalau hudai hesabu. Kijiji chenye shamba, maji na mbao kinaweza kuendelea kupokea watoto kwa sababu tu vitanda vipo, hata kama kuna shangazi Mwingi ambaye angemchukua mtoto akisaidiwa karo.

Kwa hivyo mavuno hayanitoshi kama kipimo. Susu ni mzee. Siku moja ataenda, na mtoto atafiwa mara ya pili. Mimi ningepima kwa Krismasi: wale waliotoka zamani, mwenye kazi Athi River na asiye nayo, wanapanda matatu kurudi kwa nani? Akiwepo mtu wa kuwapigia simu kuuliza mbona wamechelewa, ile miti imefanya kazi yake.